Modeli za Kompyuta na Utabiri wa Njia na Nguvu za Vimbunga: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyokusanywa hapa ni yale ambayo wanafunzi, wanahabari, wakulima na wafanyabiashara wa mizigo ya bandarini wamekuwa wakiyauliza jijini Nairobi, hasa tangu kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani ya Afrika Mashariki mwezi wa Mei 2024. Yamepangwa kuanzia mambo ya msingi hadi yale yenye utata. Pale ambapo jibu moja linategemea jingine, namba ya swali hilo imetajwa.

## Misingi

1. Je, hurikeni, taifuni na kimbunga cha tropiki ni vitu tofauti?

La. Ni kitu kimoja kinachobadilishiwa jina kulingana na bahari kilipo. Katika Atlantiki na mashariki mwa Pasifiki huitwa hurikeni, magharibi mwa Pasifiki huitwa taifuni, na katika Bahari ya Hindi huitwa kimbunga. Kwa kuwa fizikia yake ni ile ile, modeli iliyoboreshwa kwa ajili ya Florida inaweza pia kuisaidia Beira, mji wa pwani ya Msumbiji, mradi ipewe vipimo vya kutosha vya huku kwetu. Sharti hilo la mwisho litarudi mara nyingi katika majibu yanayofuata. Hapa neno kimbunga limetumika kwa zote.

2. Nairobi haipigwi na vimbunga. Kwa nini mkazi wake ajali namna vinavyotabiriwa?

Ni kweli kwamba Nairobi, iliyo takriban nyuzi 1.3 kusini mwa ikweta, haiko katika njia ya vimbunga. Nguvu inayotokana na mzunguko wa dunia, ambayo ndiyo huupinda upepo hadi ukazunguka, ni hafifu mno karibu na ikweta, na ndiyo maana ni nadra kimbunga kuzaliwa ndani ya nyuzi 5 za latitudo kila upande. Hata hivyo, kimbunga kilicho mbali sana kinaweza kuamua kama mvua ya masika itafika Machakos kwa wakati au la.

Mwezi wa Machi 2018, vimbunga Dumazile na Eliakim vilipokuwa upande wa Madagaska, upepo wa kutoka magharibi uliingiza hewa yenye unyevu wa bonde la Kongo hadi Kenya, na msimu ule wa masika ukawa miongoni mwa yenye mvua nyingi zaidi katika kumbukumbu. Mwaka uliofuata, Machi 2019, kimbunga Idai kilikuwa katika Mlango wa Msumbiji, kikauvuta unyevu kuelekea kusini, na mvua zetu zikachelewa. Mifumo ya aina moja iliyokaa mahali tofauti ilitupa matokeo yanayopingana. Kwa hiyo kosa la kilomita mia chache katika kutabiri njia ya kimbunga baharini linaweza kuwa kosa katika ushauri wa kupanda mahindi nchi kavu.

Kuna pia nzige. Vimbunga Mekunu na Luban vya mwaka 2018 vilimwaga maji katika jangwa la kusini mwa Rasi ya Uarabuni, nzige wakazaliana huko kizazi baada ya kizazi, na makundi yaliyotokana nao yakaingia Kenya mwishoni mwa 2019.

3. Modeli ya kompyuta ya hali ya hewa ni nini hasa?

Ni programu inayotatua milinganyo ya mwendo wa hewa, joto na unyevu. Anga hugawanywa katika visanduku, na hali ya kila kisanduku hukokotolewa hatua kwa hatua kuelekea siku zijazo. Modeli ya dunia nzima ya Kituo cha Ulaya cha Utabiri wa Hali ya Hewa wa Masafa ya Kati, kijulikanacho kwa kifupi kama ECMWF, ina visanduku vyenye upana wa takriban kilomita 9 na tabaka 137 kwenda juu. Ile ya Marekani, iitwayo GFS, ina visanduku vya takriban kilomita 13.

Lolote lililo dogo kuliko kisanduku, kama vile wingu moja la radi, haliwezi kukokotolewa moja kwa moja. Hukadiriwa kwa kanuni za wastani. Makadirio hayo ni chanzo kikubwa cha makosa, kama majibu ya maswali ya 6 na 8 yanavyoonyesha.

4. Kuna tofauti gani kati ya kutabiri njia na kutabiri nguvu?

Njia ni mahali ambapo kitovu cha kimbunga kitakuwa baada ya saa 24, 48, 72 na kuendelea. Nguvu ni kasi ya juu kabisa ya upepo wake karibu na uso wa bahari, na kwa kawaida hutajwa pamoja na mgandamizo wa hewa katika kitovu. La kwanza linategemea zaidi mambo yaliyo nje ya kimbunga, la pili mambo yaliyo ndani yake. Tofauti hiyo moja inaeleza karibu historia yote ya fani hii.

## Njia

5. Kwa nini utabiri wa njia umeboreka sana?

Kimbunga huchukuliwa na mikondo mikubwa ya upepo kama gogo linavyochukuliwa na Mto Tana wakati wa mafuriko: mwenye kuujua mto anajua kwa kiasi kikubwa gogo litapita wapi. Kwa upande wetu wa Bahari ya Hindi, mkondo huo hutegemea sana eneo la mgandamizo mkubwa wa hewa lililo kusini-mashariki mwa Madagaska, pamoja na mawimbi ya hewa baridi yanayopita kusini zaidi. Mambo haya yana upana wa maelfu ya kilomita, kwa hiyo hata modeli yenye visanduku vikubwa huyaona.

Katika Atlantiki, mwanzoni mwa miaka ya 1990, utabiri wa siku tatu mbele ulikosea kwa wastani wa kilomita 500 hivi. Siku hizi kosa hilo kwa kawaida ni chini ya kilomita 200. Sehemu kubwa ya maendeleo hayo ilitokana na setilaiti kuifunika bahari iliyokuwa haina vipimo, na mbinu za kuviingiza vipimo hivyo katika modeli, zilizoelezwa katika swali la 12. Visanduku vidogo vilisaidia pia, lakini kama visanduku pekee vingetosha, nguvu nayo ingeboreka kwa kasi ile ile, jambo ambalo halikutokea.

6. Kwa nini modeli mbili nzuri hutoa njia mbili tofauti kwa kimbunga kimoja?

Kwa sababu hazikuanza na picha moja ya anga, na hata zingeanza na picha moja, kanuni zao za makadirio si sawa. Mfano mashuhuri ni Sandy, kilichopiga jimbo la New Jersey tarehe 29 Oktoba 2012. Takriban wiki moja kabla, modeli ya ECMWF ilionyesha kwamba kingegeuka kushoto na kuingia nchi kavu, ilhali GFS iliendelea kwa siku kadhaa kukipeleka katikati ya Atlantiki. Kwa muda mrefu watu walidhani ni suala la ukubwa wa kompyuta tu. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba namna kila modeli ilivyokadiria mawingu ya radi ilichangia sana: joto linaloachiliwa na mawingu hayo huibadilisha mikondo ya juu, na mikondo hiyo ndiyo inayokibeba kimbunga.

Ndiyo maana vituo vikubwa haviendeshi utabiri mmoja. ECMWF huendesha 51 kwa pamoja, kila mmoja ukianza na tofauti ndogo. Njia zote zikikaribiana, mtabiri hupata imani. Zikitawanyika, hujua kwamba hali yenyewe haijaamua. Anayechapisha njia moja peke yake, hata kama ni ya modeli bora, anamnyima msomaji habari iliyo muhimu kuliko njia yenyewe.

7. Ile koni inayochorwa kwenye ramani inamaanisha nini?

Katika ramani za Kituo cha Taifa cha Hurikeni cha Marekani kilichoko Miami, upana wa koni, yaani eneo linalotanuka mbele ya kimbunga kwenye ramani, hutokana na makosa ya utabiri ya miaka mitano iliyotangulia, na umepimwa ili kitovu cha kimbunga kibaki ndani yake takriban mara mbili katika kila tatu. Maana yake ni kwamba mara moja katika tatu kitovu hutoka nje ya koni, na hilo si kushindwa kwa utabiri. Koni hiyo haionyeshi ukubwa wa kimbunga, wala mvua, wala mawimbi. Mtu aliye nje ya koni anaweza kufurikiwa na maji.

## Nguvu

8. Kwa nini nguvu ni ngumu kutabiri kuliko njia?

Hapa panahitaji maelezo marefu, kwa sababu ndipo kazi ilipobaki.

Injini ya kimbunga iko katika ukuta wa mawingu unaolizunguka jicho. Ukuta huo unaweza kuwa na unene wa kilomita chache au makumi machache tu, na ndani yake hewa yenye unyevu hupanda kwa nguvu, mvuke ukageuka maji, joto likaachiliwa, mgandamizo ukashuka na upepo ukaongezeka. Modeli yenye visanduku vya kilomita 9 huuona ukuta huo kama visanduku viwili au vitatu, na umbo haliwezi kukokotolewa vizuri kwa visanduku viwili au vitatu. Ili kuukaribia uhalisi, modeli huhitaji visanduku vya kilomita 1 hadi 3.

Halafu kuna mazingira. Bahari inatakiwa kuwa na joto la takriban nyuzi 26.5 au zaidi, tena kwa kina cha kutosha, jambo linaloelezwa katika swali la 10. Upepo wa tabaka za chini na wa tabaka za juu usitofautiane sana, la sivyo kimbunga huinamishwa na kupasuliwa. Hewa kavu ikiingia kati, mawingu hukatika. Vimbunga vikali navyo hufanya jambo lisilotabirika kwa urahisi: ukuta mpya hujengeka nje ya ule wa zamani, ule wa ndani hufa, nguvu hushuka kwa saa kadhaa, kisha hupanda tena. Kosa dogo katika saa ambapo mzunguko huo unaanza huwa kosa kubwa la kasi ya upepo.

La mwisho ni mpaka kati ya hewa na maji. Upepo unapozidi kilomita 120 hivi kwa saa, uso wa bahari hujaa povu na matone, na msuguano hauongezeki tena kama kanuni za upepo wa kawaida zinavyodai. Modeli za zamani zilizotumia kanuni hizo zilikuwa zikivizuia vimbunga vikali kufika nguvu yake halisi.

Matokeo ya haya yote ni kwamba hadi mwanzoni mwa miaka ya 2010, hesabu za takwimu zilizolinganisha kimbunga cha leo na vya zamani mara nyingi zilizishinda modeli za fizikia katika kutabiri nguvu. Kwa upande wa njia, hali hiyo ilikuwa imekwisha miaka mingi nyuma.

9. Kuimarika kwa ghafla ni nini, na kwa nini kunaogopwa?

Ni kasi ya upepo kuongezeka kwa angalau kilomita 55 kwa saa ndani ya siku moja. Kunaogopwa kwa sababu huwanyima watu muda wa kuhama.

Tarehe 25 Oktoba 2023, kimbunga Otis kilipiga Acapulco, Meksiko, kikiwa na upepo wa takriban kilomita 260 kwa saa, baada ya kuongezeka kwa zaidi ya kilomita 170 kwa saa katika muda wa siku moja. Modeli karibu zote zilikuwa zimekiona kama dhoruba ya kawaida. Kiini chake kilikuwa kidogo, vipimo vilikuwa vichache, na modeli zilianza hesabu zikiwa na kimbunga dhaifu kuliko kile kilichokuwapo kweli. Ndege ya uchunguzi ilipokifikia saa chache tu kabla, ndipo watabiri walipojua ukubwa wa hatari.

Jirani yetu Somalia anaijua hali hiyo. Kimbunga Gati, kilichofika Puntland tarehe 22 Novemba 2020, kiliimarika kwa ghafla katika muda usiotimia siku moja.

10. Bahari ina sehemu gani katika modeli?

Kubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Upepo wa kimbunga hukoroga maji na kuyaleta juu maji baridi ya chini, hivyo kimbunga kinachokwenda polepole hujizimia moto wake chenyewe. Modeli inayochukulia kwamba joto la bahari halibadiliki hukipa kimbunga cha aina hiyo nguvu nyingi kupita kiasi. Kinyume chake, pale maji ya joto yanaposhuka kina kirefu, kukoroga hakuleti ubaridi, na kimbunga huendelea kula. Hilo ndilo lililotokea kwa Katrina mwaka 2005 kilipopita juu ya maji ya joto yenye kina katika Ghuba ya Meksiko. Ndiyo maana modeli za leo huunganishwa na modeli ya bahari, na mbili hizo hupashana habari hesabu inapoendelea. Mlango wa Msumbiji una mizunguko mikubwa ya maji ya joto, kwa hiyo kwetu jambo hili si la nadharia.

11. Ni hatua gani hasa zilizochukuliwa kuboresha utabiri wa nguvu?

Baada ya misimu mibaya ya miaka ya 2000, Marekani ilianzisha mwaka 2009 mradi wa kitaifa wa kuboresha utabiri wa vimbunga, wenye shabaha ya kupunguza makosa ya njia na ya nguvu kwa asilimia 20 ndani ya miaka mitano na kwa asilimia 50 ndani ya miaka kumi. Kuweka shabaha inayopimika kulikuwa uamuzi wa busara, kwani kila badiliko la modeli lililazimika kujaribiwa dhidi ya vimbunga vya misimu iliyopita kabla ya kuruhusiwa kutumika.

Matunda yake ni pamoja na modeli ya HAFS, iliyoanza kazi rasmi mwaka 2023. Modeli hiyo huwa na eneo dogo la visanduku vya kilomita 2 linalokifuata kimbunga kinapohama, huku sehemu nyingine ikibaki na visanduku vikubwa zaidi ili kuokoa hesabu. Imeunganishwa na bahari kama ilivyoelezwa katika swali la 10. Kwa upande wetu, Ufaransa huendesha modeli ya AROME yenye visanduku vya kilomita 2.5 kwa ajili ya kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi.

## Vipimo

12. Vipimo vinavyoingizwa katika modeli hutoka wapi?

Vingi sana hutoka kwenye setilaiti: zile zinazopima joto na unyevu wa tabaka za hewa, zile zinazosoma upepo kutokana na mikunjo ya uso wa bahari, na zile zinazopima namna mawimbi ya redio yanavyopindwa na angahewa. Juu ya hayo kuna ndege za abiria, meli, maboya yanayozama na kuibuka, na maputo. Puto linalorushwa kutoka Dagoretti Corner, makao ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, hupanda kupitia tabaka zote na vipimo vyake husambazwa duniani kote. Kinachopimwa juu ya Ngong Road huingia katika hesabu za ECMWF. Puto moja likikosekana, sehemu hii ya Afrika hubaki na pengo, kwa sababu hakuna vituo vingi jirani vya kuliziba.

Kuviingiza vipimo ni kazi inayohitaji hesabu nzito. Kompyuta huchukua utabiri wa saa chache zilizopita, huulinganisha na vipimo vipya huku ikijua ukubwa wa kosa la kila chombo, kisha hutafuta hali ya anga inayoafikiana na vyote viwili. Tatizo la vimbunga ni kwamba mahali panapohitajika vipimo zaidi, yaani ndani ya mawingu mazito na mvua, ndipo vipimo vingi vya setilaiti vilipokuwa vikitupwa zamani kwa sababu modeli hazikujua kuvisoma. Kujifunza kuvitumia vipimo vya ndani ya mawingu ni miongoni mwa maendeleo makubwa ya miaka ya karibuni, japo hayazungumzwi sana.

13. Kwa nini hakuna ndege zinazoingia ndani ya vimbunga katika Bahari ya Hindi?

Kwa sababu ya gharama. Marekani ina ndege maalumu za kiraia na za kijeshi zinazopita ndani ya jicho, zikidondosha vifaa vya kupima na kutumia rada kuusoma ukuta wa mawingu. Safari zake za kawaida magharibi mwa Pasifiki zilikoma mwaka 1987. Katika Bahari ya Hindi hakuna safari za kudumu za aina hiyo.

Huku kwetu nguvu ya kimbunga hukadiriwa zaidi kwa kuangalia umbo la mawingu katika picha za setilaiti, kwa mbinu iliyobuniwa na Vernon Dvorak katika miaka ya 1970. Ni mbinu nzuri ajabu kwa umri wake, lakini kosa la kilomita 20 kwa saa au zaidi si la kushangaza. Modeli inayoanza na kosa hilo hulibeba kosa hilo katika kila saa inayofuata.

14. Je, kununua kompyuta kubwa zaidi hakutatosha?

Hakutatosha. Upana wa visanduku ukipunguzwa kwa nusu, idadi yake huongezeka mara nne, na hatua za muda nazo lazima ziwe fupi kwa nusu, hivyo hesabu huongezeka mara nane kabla ya kuongeza hata tabaka moja. Mwaka 2022 Marekani ilizindua kompyuta mbili za hali ya hewa zenye uwezo wa petaflopsi 12.1 kila moja, yaani zaidi ya hesabu trilioni 12,000 kwa sekunde, na zimesaidia. Lakini Otis hakikukosewa kwa sababu ya uhaba wa kompyuta. Kwa maoni yangu, shilingi ya kwanza ya Afrika Mashariki iende kwenye maputo, vituo vya ardhini vinavyofanya kazi kila siku, rada za pwani na watu wa kuvitunza, na shilingi ya pili ndiyo iende kwenye kompyuta. Modeli za dunia tayari tunazipata. Kinachokosekana ndani yake ni anga letu.

## Akili unde

15. Je, modeli za akili unde zimezishinda modeli za fizikia?

Kwa njia, kwa kiasi kikubwa ndiyo. Pangu-Weather ya Huawei na GraphCast ya Google DeepMind, zote zilizochapishwa mwaka 2023, zilifunzwa kwa kumbukumbu ya anga ya miongo kadhaa iliyotayarishwa na ECMWF. Septemba 2023, GraphCast ilionyesha siku tisa kabla kwamba kimbunga Lee kingefika Nova Scotia, Kanada. ECMWF yenyewe ilianza kutumia rasmi modeli yake ya akili unde, AIFS, mwezi wa Februari 2025.

Kwa nguvu, jibu ni la tahadhari zaidi. Kumbukumbu iliyozifunza ina visanduku vya takriban kilomita 31, kwa hiyo kimbunga kikali ndani yake tayari kimepunguzwa makali. Tena, modeli inayofunzwa kupunguza kosa la wastani hujifunza kulainisha. Modeli za kwanza kwa hiyo zilijua kimbunga kinakwenda wapi, zikakiona dhaifu. Dawa iliyojaribiwa baadaye ni kuifunza modeli pia kwa orodha ya vimbunga halisi vilivyopimwa, kama Google DeepMind ilivyofanya kwa modeli iliyotumiwa na watabiri wa Miami katika msimu wa 2025.

Ikumbukwe kwamba modeli hizi bado huanza na picha ya anga inayotengenezwa kwa njia iliyoelezwa katika swali la 12. Bila vipimo, nazo huanza gizani.

16. Mwanafunzi wa Nairobi anaweza kuendesha modeli kama hizi?

Anaweza. WRF, modeli ya fizikia inayotumiwa sana na vyuo, hutolewa bure. Modeli kadhaa za akili unde zimewekwa wazi, na kadi moja nzuri ya michoro ya kompyuta (GPU) hutoa utabiri wa siku kumi kwa dakika chache. Sehemu ya data za ECMWF imekuwa wazi tangu 2022.

Lakini kazi yenye thamani kubwa kuliko kuendesha modeli ni kuihakiki, na hiyo haihitaji mashine ya gharama. Chukua utabiri wa zamani wa kimbunga na njia yake halisi kutoka kumbukumbu za kimataifa, kisha pima umbali kati ya viwili hivyo kwa kila saa ya utabiri. Unapolinganisha modeli mbili, tumia saa zile zile ambazo zote mbili zilitoa utabiri. Ukiacha hilo, ile iliyokaa kimya siku ngumu itaonekana bora. Halafu linganisha na utabiri rahisi usiojua fizikia yoyote, unaofuata tu mwendo wa kimbunga cha sasa na desturi ya vimbunga vya msimu huo. Modeli isiyoushinda utabiri huo rahisi haina ustadi, hata picha zake zikipendeza. Kazi ya namna hii kwa vimbunga vya Mlango wa Msumbiji ingefaa kufanywa kwa wingi Chiromo, kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na katika ICPAC, kituo cha hali ya hewa cha nchi za IGAD kilichoko Ngong.

## Maswali yenye utata

17. Nani mwenye mamlaka ya kutoa utabiri na tahadhari?

Kwa kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi, kituo cha Réunion cha idara ya hali ya hewa ya Ufaransa. Kwa kaskazini, kituo cha New Delhi. Majina ya vimbunga vya kusini-magharibi hutolewa na Mauritius au Madagaska, kulingana na mahali mfumo ulipo. Tahadhari kwa wananchi wa Kenya ni jukumu la Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya. Picha ya modeli moja inayosambazwa WhatsApp ikiwa na kimbunga chekundu juu ya Mombasa siku kumi mbele si tahadhari ya yeyote. Tazama swali la 6.

18. Hidaya kilitangazwa sana kisha kikafifia. Je, utabiri ulikosea?

Njia ilitabiriwa vizuri: kilifika pwani ya Tanzania karibu na Kisiwa cha Mafia tarehe 4 Mei 2024, kama ilivyotarajiwa. Kilidhoofika kilipoifikia nchi kavu, na upepo mkali uliohofiwa Kenya haukufika kwa kiwango kile. Hata hivyo, nchi ilikuwa tayari katika mafuriko mabaya na shule zilikuwa zimeahirishwa kufunguliwa. Mtabiri aliyeonya siku ile alikuwa na uwezekano mkubwa wa madhara mbele yake, na kuonya kulikuwa sahihi. Utabiri wa uwezekano hupimwa kwa matukio mengi; tukio moja haliwezi kuuhukumu.

19. Modeli hufanya kazi vizuri karibu na ikweta?

Si vizuri kama zifanyavyo mbali nayo. Katika latitudo za kati upepo na mgandamizo wa hewa hufungamana, kwa hiyo ukipima kimoja unaweza kukisia kingine. Karibu na ikweta ufungamano huo hulegea, na kipimo cha mgandamizo hakikuambii mengi kuhusu upepo. Hivyo vipimo vya upepo wenyewe vina thamani ya pekee katika eneo letu. Vimbunga navyo si vya kupuuzwa kabisa huko: Desemba 2001, Vamei kilizuka karibu na Singapuri, takriban nyuzi 1.4 kaskazini.

20. Kimbunga kikishaingia nchi kavu, modeli huendelea kukifuata?

Modeli huendelea kuikokotoa hewa yote, lakini programu inayotafuta kitovu cha kimbunga mara nyingi hukipoteza pale mgandamizo unaposambaa, na hapo rekodi ya njia hukatika. Mvua haikatiki. Idai kilitabiriwa kuelekea Beira siku kadhaa kabla ya usiku wa tarehe 14 kuamkia 15 Machi 2019, lakini maji ya mito Buzi na Pungwe yaliendelea kufunika vijiji baada ya upepo kutulia. Freddy, kilichodumu zaidi ya wiki tano mwaka 2023, kiliua watu wengi zaidi kusini mwa Malawi, mbali na bahari, kwa mvua na maporomoko ya udongo. Anayehakiki modeli kwa makosa ya njia na nguvu peke yake hataziona siku hizo katika jedwali lake, hivyo lazima aongeze vipimo vya mvua na vya vina vya mito hadi mfumo utakapokuwa umekauka kabisa.